Dumu la mawese la Idd ya 2014

Idd el Fitri ya mwaka 2014 iliangukia mwishoni mwa Julai, na kwa mtu anayepeleka zawadi kutoka Kigoma hiyo ni heri kubwa. Idd huja na mwezi mwandamo. Siku zile za kabla yake ziwa lina kiza, na dagaa huvuliwa kizani. Mbalamwezi ikiwaka, taa za mitumbwi hazivuti kitu, wavuvi wengi hulala nyumbani na bei ya dagaa pale Kibirizi, mwaloni kwetu Kigoma, hupanda. Mimi nilinunua wiki moja kabla ya safari, mzigo ukiwa mwingi na mtu anaweza kuchagua.

Ilikuwa desturi yetu tangu baba alipofariki: kila Idd tunakutana Tabora, kwa shangazi, kule Isevya. Wa Kigoma nilikuwa peke yangu. Kaka mkubwa, binamu na baba mdogo wote wako Tabora. Naenda na vya ziwani, narudi na asali.

Dagaa nilichukua kilo 12, wa kichanja watupu. Dagaa wa kuanikwa mchangani bei yake ni nafuu, lakini mchanga humganda mwilini angali mbichi, akikauka nao, basi hata umuoshe mara tatu utausikia menoni. Ukitaka kujua kama amekauka, kamata wachache na uwakunje. Aliyekauka anakatika kwa sauti. Anayepinda bila kukatika ana maji ndani, na kwenye gunia atafanya ukungu kabla ya wiki kwisha. Nilipofika nyumbani niliwaanika tena juu ya turubai kwa saa mbili, nikawaacha kivulini mpaka wakapoa kabisa ndipo nikafunga. Ukifunga wakiwa na joto wanatoa jasho humo humo. Niliwagawa kilo tatu tatu katika viroba vinne vya salfeti, kwa kuwa kiroba kinapumua. Mfuko wa nailoni unawaozesha.

Mawese niliyatoa Mwandiga kwa mama ambaye nimenunua kwake miaka mingi. Hata hivyo huwa nayapima. Unaweka kijiko kimoja kwenye kikaango kikavu juu ya moto. Yakitulia na kutoa harufu yake, ni mazima. Yakianza kutatarika na kurukaruka, aliyeyakamua hakuyachemsha ya kutosha, yamebaki na maji, na maji ndiyo yanayoyachachusha. Dumu la lita 20 nililiosha kwa maji ya moto na sabuni, nikaliinamisha kutwa nzima mpaka likakauka tone la mwisho. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa sitii mawese hata nikipewa bure. Nilijaza mpaka mabegani, nikaacha nafasi ya vidole vitatu, nikatandika kipande cha nailoni chini ya kifuniko kabla ya kukaza. Dumu la namna hiyo lina uzito wa kilo 18 hivi, na kwenye behewa nalisimamisha katikati ya miguu yangu, silitoi machoni.

Treni ikatembea usiku kucha. Uvinza, Malagarasi, Nguruka, Usinge. Kuanzia Kaliua baridi ya Julai ilikuwa inaingia mpaka kwenye mifupa. Mawese nayo yalikuwa yanaipata baridi hiyo hiyo.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nalikubali. Nilifika Isevya asubuhi nimechoka, nikamwamkia shangazi, nikateremsha mizigo uani, nikaenda kuoga. Sikusema neno lolote kuhusu mawese. Sisi wa Kigoma tunajua, nikadhani kila mtu anajua.

Mawese ni mafuta mawili ndani ya chombo kimoja. Kuna sehemu inayoganda upesi na sehemu inayobaki majimaji. Yakipigwa na baridi, ile ya kwanza inashuka chini na kuwa nzito kama uji, rangi yake njano iliyopauka. Nyingine inakaa juu, nyekundu, inang'aa. Hakuna kilichoharibika. Lakini huwezi kuyagawa yakiwa katika hali ile. Kwanza unalitia dumu zima kwenye beseni kubwa la maji ya moto, moto ambao mkono unauvumilia kwa shida, kifuniko ukiwa umekilegeza. Unaliacha saa nzima, unabadilisha maji yakipoa, unaligeuzageuza mpaka rangi iwe moja. Ukilisogeza karibu na jiko plastiki italegea. Rangi ikishakuwa moja ndipo unamimina.

Nilipotoka bafuni walikuwa wameshagawana.

Wifi, mke wa kaka, ndiye aliyetangulia. Alikuwa amekinga lita tano za juu, nyekundu tupu, na kidumu chake kimeshafungwa kwa kamba. Binamu alipata mchanganyiko. Baba mdogo hakuwa amefika bado. Lililobaki kwenye dumu ni la kwake na la shangazi: limekaa kama samli, halitoki hata ukiliinamisha. Binamu alichovya ufito, akauinua. Ule uji wa njano ukaning'inia, haukudondoka. Akaniangalia.

"Dada, sisi ndio umetuletea masalia?"

Wifi akadakia: "Labda huko Kigoma siku hizi wanachanganya na mafuta ya ng'ombe."

Nikawaeleza kama nilivyoeleza hapa. Nikamwomba wifi arudishe lake tuyachanganye yote, kwa sababu yeye amechukua laini zote na wenzake wamebakiwa na nzito. "Langu nimeshafunga, wifi," akasema, na kweli hakulifungua. Kaka alikuwa amekaa kwenye mkeka akinywa uji, akasema bila kuinua kichwa: "Mdogo wangu, ungenirushia tu hela kwenye simu, tungejinunulia wenyewe. Unajisumbua bure."

Neno hilo liliniuma kuliko la mafuta ya ng'ombe. Sikujibu. Nilichemsha maji, nikatia dumu kwenye beseni, na la binamu pia, nikakaa pale uani nikiyageuza. Baada ya saa moja yalikuwa mekundu. Binamu akaja, akachungulia, akachukua kidumu chake, akaondoka.

Dagaa nao walipata yao. Binamu aliwaloweka kwenye maji baridi tangu saa nne mpaka baada ya adhuhuri, wakafumuka wakawa rojo, kisha akaniambia walikuwa wameoza. Dagaa wa Kigoma ni mdogo na mwili wake ni laini, halowekwi. Unamtoa kichwa, unamsuuza mara moja kwa maji ya uvuguvugu, unamchuja papo hapo, unamkaanga kidogo kwenye sufuria kavu mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Kisha mawese vijiko viwili, kitunguu, nyanya, chumvi mwishoni kwa sababu ana chumvi yake kidogo. Dakika kumi yuko tayari kwa ugali wa muhogo. Shangazi alimpika hivyo jioni ile, kila mtu akala, sahani zikarudi nyeupe. Hakuna aliyetaja walitoka wapi wale dagaa.

Siku ya kuondoka kaka alinipa dumu la asali la lita tano, lililojaa mpaka mdomoni. Nilimshukuru kwa mikono miwili, na nilimaanisha, maana asali ya Tabora naipenda na najua ilivyo ghali. Tulipopita Urambo nikasikia kifuniko kinalia: sss, sss. Pande za dumu zilikuwa zimetuna kama shavu la mtoto. Nilipolegeza kidogo povu likapanda, likamwagikia begi langu na kanga ya jirani yangu, nikafuta nikiomba radhi.

Mrina asali alikuwa na haraka ya Idd. Nyuki hupunguza maji ya asali mpaka yabaki chini ya sehemu moja ya tano, ndipo huliziba sega kwa nta. Sega lisilozibwa bado lina maji mengi, na asali yake ikikaa kwenye joto inachachuka na kutoa gesi. Likiwa dumu limejazwa mpaka mdomoni, gesi haina pa kwenda. Njia nzima mpaka Kigoma nililegeza kifuniko kila baada ya nusu saa, na nyumbani nikaengua povu, nikaigawanya kwenye chupa nusu nusu, tukaitumia kwanza kwenye chai ya tangawizi kabla haijawa chungu kabisa. Nusu yake ilifaa.

Kaka akapiga simu: asali imefika? Nikamwambia imefika, asante sana kaka, watoto wameifurahia. Kisha nikamweleza la povu, kwamba safari nyingine amwambie mrina asubiri mpaka sehemu kubwa ya sega izibwe, na kwenye dumu abakishe nafasi. Akanyamaza kidogo.

"Kumbe zawadi nayo inakaguliwa?"

Sikuwa na la kumjibu ambalo lisingefungua tena dumu la mawese, kwa hiyo nikauliza hali ya wifi.

Nilipomaliza kuzungumza naye ndipo nikafungua furushi la vyombo vilivyorudi. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, hata kama ni chumvi ya kujaza kiganja unaweka. Dumu langu la lita 20 lilirudi tupu, limekauka mafuta pembeni. Viroba vitatu vilirudi tupu, kimoja kimechanika. Cha nne kilikuwa kimekunjwa kidogo kidogo na kufungwa kwa uzi mweusi wa kusukia, mikunjo ya shangazi naijua. Ndani yake mlikuwa na karanga za maganda kiasi cha vikombe viwili, zimechaguliwa moja moja, hazina hata moja iliyotobolewa na mdudu.

Nilizichemsha na chumvi jioni ile ile. Mwaka uliofuata nilifunga dumu moja la lita tano tu, nikaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito jina la shangazi, na chini yake: PASHA KWANZA.