Mama kaomba aongezwe

Mama yangu hapatani na maziwa ya ng'ombe. Kikombe kimoja tu, tumbo linamsumbua mpaka usiku. Miaka yote sisi tukinywa juisi nzito za maziwa, yeye hutuangalia tu.

Leo nimekuna nazi moja kwenye mbuzi, nikakamua tui bubu, kikombe kimoja.

Kwenye blenda: tui, embe dodo lililoiva, pasheni mbili nilizochuja mbegu, kipande kidogo cha tangawizi, na ndizi mbivu mbili nilizozigandisha tangu jana. Hizo ndizi ndizo zinazoleta uzito na ubaridi, wala huhitaji barafu ya kukizimua kinywaji. Sukari sikutia hata chembe. Dodo likiiva vizuri linatosha.

Mama akaonja.

Akanyamaza.

Akalifuta povu mdomoni kwa ncha ya khanga, akaniuliza taratibu: "Una hakika humu hamna maziwa?"

Nikamwonyesha machicha, bado yako kwenye kifumbu.

Akanisogezea glasi. "Niongeze, mwanangu."

Jamani, machozi yalinilenga palepale jikoni.

Kesho nataka kumjaribishia korosho zilizolowekwa. Nani ameshafanya? Mnaloweka kwa muda gani?