Herufi 国: jaza ndani kwanza, ndipo ufunge

Mnaoanza kuandika Kichina, nawasihi: msichore sanduku zima la 国 (nchi) halafu mkaanza kupachika vitu ndani. Herufi hii ina mistari 8. Wa kwanza ni wima wa kushoto, juu kwenda chini. Wa pili unaanzia palepale juu, unakwenda kulia, unakata kona na kushuka bila kuinua kalamu. Sasa ingia ndani: mlalo (kushoto kwenda kulia), mlalo, wima, mlalo, kisha nukta upande wa kulia. Wa 8 ndio mlalo wa chini unaofunga.

Ukifunga mapema, nukta inakosa nafasi na kugusa ukuta. Ukiinua kalamu kwenye kona, utahesabu mistari 9 na hutaiona herufi katika kamusi iliyopangwa kwa idadi ya mistari. Ndiyo maana 口 (mdomo) ni mistari 3, si 4. Hili kwangu ndilo kosa la kusahihisha mapema kuliko yote.

Angalia 这 (hii) pia: 文 huandikwa kwanza, na 辶 inayoikumbatia huja mwisho. Tumia karatasi yenye miraba iliyogawanywa sehemu nne, na uandike kubwa.