Saa ya meli, saa ya kisiwa: siku yangu moja Roseau

Saa kumi na moja alfajiri

Simu inatetemeka chini ya mto, nimeizima sauti ili mwenzangu asiamke. Chumba chetu kiko chini kabisa ya meli na hakina dirisha, kwa hiyo kucha kwenyewe ni habari ya kuambiwa. Mimi ni mtu wa Mombasa, nina miezi sita sasa kwenye dawati la matembezi: nawauzia abiria safari za kushuka bandarini, asubuhi nawapanga, jioni nawahesabu. Leo ni Roseau, mji mkuu wa Dominica, kisiwa cha Karibi. Tumefika hapa mara mbili na zote zamu ilinibakisha ndani. Lakini maporomoko ya Trafalgar nayauza kama niliyezaliwa chini yake.

Saa moja

Gati. Watu wa bandari wanapanda, makaratasi yanakaguliwa, na mpaka waseme sawa hakuna anayeshuka. Nje ya ukumbi abiria wamejaa na vibandiko vya namba vifuani. Kundi la 4 ni Trafalgar: maporomoko mawili, moja huitwa Baba na jingine Mama. Kundi la 7 ni Champagne, mwamba ambako joto la volkano hutoa mapovu chini ya bahari na wewe unaogelea katikati yake.

Mama mmoja ananiuliza Punta Cana iko umbali gani. Namweleza kwa upole kwamba hiyo ni Jamhuri ya Dominika, nchi nyingine kabisa. Hii ni Dominica, na mkazo uko kwenye "ni". Mswahili hawezi kulikosea jina hili hata akitaka.

Kijana mwingine anataka kwenda Boiling Lake, ziwa linalotokota juu milimani. Hilo sikumuuzia. Kwenda na kurudi kwa miguu ni kama saa sita, na meli inaondoka saa kumi na nusu. Bosi wangu hupenda tuuze, ila bosi hayuko gatini jioni mlango unapofungwa.

Saa tatu na robo

Hapa ndipo siku iliponitoa jasho. Bwana mmoja anarudi kutoka getini, uso mwekundu. Alikodi dereva wake mwenyewe mtandaoni, wakutane saa tatu. Saa tatu amefika, dereva hayupo.

Tatizo nalijua kabla hajamaliza. Ni Januari, na meli yetu inashika saa ya Florida tulikotoka. Kisiwa kiko mbele kwa saa nzima. Saa tatu ya dereva ilikuwa saa mbili yetu, wakati bwana huyu bado anakula mayai. Tangazo lilitolewa jana na likaandikwa kwenye karatasi ya kila chumba. Nani husoma?

Namtafutia teksi yenye leseni pale getini, wanakubaliana bei kwa dola za Marekani kabla mlango haujafungwa. (Chenji hurudi kwa dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, usidhani umeibiwa.) Anauliza: "Nikichelewa mtanisubiri?" Basi la safari tuliyoiuza sisi likikwama barabarani, meli hulisubiri. Teksi yako, hapana. Nikamwambia hivyo hivyo, na kwamba saa tisa na nusu awe ndani. Akaitikia kwa kichwa kama aliyenisikia.

Saa tano

Nimepata mapumziko ya saa mbili! Rafiki yangu wa jikoni, mtu wa Tanga, aliniambia jana: "Kaka, usihangaike na teksi. Nenda bustanini ukaone mbuyu." Nikadhani ananitania.

Navuka barabara, napita nyuma ya makumbusho kwenye soko la zamani, ambako leo wanauza vikapu na zamani waliuza watu. Sikukaa sana. Magari yanapita kushoto kama kwetu, na kwa dakika kumi za mguu niko kwenye bustani ya mimea, chini ya kilima cha Morne Bruce.

Na kweli ni mbuyu. Mwaka 1979 kimbunga David kiliuangusha juu ya basi la shule. Bahati basi lilikuwa tupu. Wakaliacha hapo hapo, limebapatika kama mkebe uliokanyagwa. Shina limelala juu ya chuma, na juu ya shina matawi yamechipua upya, majani mabichi. Watalii wanapiga picha ya basi. Mimi nilipiga ya mbuyu, nikamtumia mama.

Njiani nikanywa dafu. Muuzaji alilikata kwa panga mapigo matatu, kama wa kwetu tu.

Saa nane

Gatini tena na bango langu. Mabasi yanarudi, watu wamelowa, wanacheka. Kundi la 4 wametimia.

Saa nane na dakika thelathini na tano, bwana wa asubuhi anatokea mbio, viatu mkononi, anapunga kama anayezama. Simu yake imeshika saa ya kisiwa, inasema tisa na thelathini na tano. Ameyaacha maporomoko baada ya dakika kumi. Nilipomwonyesha saa ya ukutani hakunena kitu. Akapitisha kadi, ikalia ting, akaenda zake.

Saa nne usiku

Hesabu imefungwa, tiketi za kesho za Castries, mji mkuu wa Saint Lucia, zimepangwa. Mombasa ni saa kumi na mbili asubuhi, na mama ameshaswali. Sauti yake iko kwenye simu: "Mwanangu, mbuyu huo uliutolea salamu, au ulipita tu kama mgeni asiye na adabu?"

Nikaisikiliza mara mbili. Sikuutolea salamu.