Nilipanda Mlima Kenya kutafuta barafu inayolisha Tana

Buti nilizokodi Nanyuki zilinizidi namba mbili. Aliyenikodisha alichukua shilingi 1,500 kwa siku nne, akaniambia nivae soksi mbili mbili nitakaa sawa. Mfuko wa kulalia alinitoza 2,000 nyingine na zipu yake ilikuwa imekufa. Nayataja mapema kwa sababu buti hizo ndizo zilizonifikisha nilipofika siku ya tatu, na kwa sababu sisi watu wa pwani hatuna nguo za baridi majumbani. Tukitaka kupanda mlima ni lazima tukodi, na wanaokodisha wanalijua hilo vizuri sana.

Mimi ni mtu wa Ozi, mwisho wa mto Tana, kabla hujafika Kipini. Kwetu mpunga ulikuwa unalimwa kwa kujaa na kupwa. Maji ya bamvua, yale ya kujaa sana, yakija, bahari inausukuma mto nyuma, na maji matamu yanapanda kwenye mifereji mpaka mashambani bila pampu wala mafuta. Ndivyo walivyolima babu zetu. Siku hizi mto ukilegea kiangazi, kinachopanda ni chumvi. Nimeliona jaruba la marehemu babu likifanya weupe kama uwanja wa kuanikia dagaa, na miembe ya pembeni ikikauka kuanzia ncha. Barazani kila mtu ana mshitakiwa wake. Wako wanaoyalaumu mabwawa, kutoka Masinga mpaka Kiambere. Mjomba wangu yeye husema barafu ya Mlima Kenya imekwisha, basi mto umekosa mama. Maneno hayo nimeyasikia tangu nikiwa shule, mpaka mwaka huu nikasema acha nikaione barafu yenyewe kwa macho yangu.

Tuliingia kwa lango la Sirimon mwezi wa Februari, wasafiri watano, kiongozi mmoja na wapagazi. Siku mbili za kwanza sina mengi ya kuzisimulia. Tulipanda, kichwa kikaniuma, tukalala Old Moses, tukapanda tena, tukalala Shipton kwenye mita 4,200. Asubuhi moja nilitoka nje kwenda haja nikasikia ardhi inavunjika chini ya mguu kama magamba ya chaza. Nikachuchumaa na tochi. Udongo ulikuwa umeinuliwa na vijiti vya barafu vyembamba kama sindano, maelfu kwa maelfu, vimesimama wima, kila kimoja kimebeba chembe yake ya mchanga kichwani. Nilivigusa, vikayeyuka kidoleni mwangu nikabaki na tope tu.

Lenana tuliipanda usiku ili jua litukute juu. Ni kilele cha tatu kwa urefu, mita 4,985. Batian na Nelion ni za wapanda miamba wenye kamba, sisi tulizitazama tu. Jua lilipotoka kila mtu alikimbilia simu yake apige picha. Mimi nikamuuliza kiongozi, barafu iko wapi? Akanyosha mkono chini upande wa pili: "Hiyo hapo. Lewis."

Sikujua niseme nini. Nilitegemea kitu cha kujaza bonde. Niliona vipande vya kijivu vimelala kwenye mteremko wa mawe, vimejaa vumbi, mfano wa tanga kuukuu lililotupwa ufukweni, na chini yake kiziwa cha maji ya rangi ya maziwa. Kiongozi akaeleza kwamba mwishoni mwa karne ya 19 mlima huu ulikuwa na mito 18 ya barafu, na mingi sasa ni majina tu kwenye ramani. Hii Lewis ilipimwa mwaka 1934 na ikapimwa tena mwaka 2010, ikaonekana imepoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Mmoja wetu akauliza, kwa hivyo mito itakauka? Kiongozi akatikisa kichwa. Akasema barafu hii, hata ikiyeyuka yote, mchango wake kwenye mito ni mdogo mno. Mito inalishwa na mvua. Nikamwona hajui asemalo. Nilikuwa nimetoka mbali sana kuja kuambiwa hivyo, na mjomba wangu si mtu wa kusema uongo.

Tukaanza kuteremka upande wa Chogoria, na hapo ndipo buti ziliponitenda. Kupanda na buti pana kunavumilika. Kuteremka, mguu unateleza mbele kila hatua na vidole vinagonga ukuta. Kufika Simba Tarn kucha mbili zilikuwa nyeusi. Nikawaambia wenzangu watangulie, nitakuja polepole, njia inaonekana. Saa tano kasorobo, kwenye vile viziwa vinavyoitwa Hall Tarns, ukungu ukapanda kutoka bondeni. Ulikuja kwa kasi kama moshi wa shamba linalochomwa. Nikawa siioni hata mikono yangu vizuri, sembuse njia.

Kiongozi alikuwa ametuonya asubuhi kwamba ukingo wa Hall Tarns unaishia ghafla, na chini yake ni ukuta wa mwamba wa mita 300 hivi mpaka ziwa Michaelson. Nilikumbuka hilo nikasimama. Nikaita, sauti haikuenda popote. Nikaketi palepale, mgongo nikauegemeza kwenye jabali, nikajifunika na ule mfuko wa zipu mbovu. Nikasoma Ayatul Kursi. Nilikaa hapo kama saa moja na nusu.

Mtu akikaa muda huo bila cha kutazama, hutazama kilicho chini yake. Mwamba niliokalia ulikuwa laini ajabu, si ulaini wa jiwe la mtoni. Nilipitisha kiganja nikahisi mikwaruzo, mistari mirefu iliyonyooka, yote inaelekea upande mmoja, mingine inaingia ncha ya kidole. Mkono wangu ukaitambua kabla ya akili. Mjomba ni fundi wa mitumbwi. Utotoni kazi yangu ilikuwa kuzoa vibanzi vya mwembe, na mtumbwi ambao haujapigwa msasa una alama hizihizi kwa ndani, alama za tezo, zinakwenda sambamba toka omo hadi tezi. Jiwe hili lilikuwa limechongwa.

Ukungu ulipasuka mara moja, kama pazia linapovutwa, nikaliona bonde la Gorges lote. Nilikuwa hatua kumi na tano kutoka ukingoni. Chini kabisa lilikuwa ziwa Michaelson, la kijani kizito, na kutoka kwake kijito kinakwenda kinapindapinda katikati ya bonde. Bonde lenyewe lina kitako kipana na kuta zimesimama pande mbili, hori kamili, hori la kuchongwa. Mto peke yake haukati hivyo, mto unakata mfano wa kabari, ncha chini. Aliyekata hapa ni barafu ya zama zile za baridi kuu, miaka 20,000 na zaidi iliyopita, iliposhuka kutoka vileleni ikaburuta mawe tumboni mwake mpaka karibu mita 3,300. Ilipoyeyuka iliacha mashimo iliyoyachimba, ndiyo hivi viziwa, na matuta ya kifusi ilichokuwa imekibeba.

Nikasikia sufuria inagongwa. Alikuwa mpagazi wetu mmoja, mzee wa Chogoria, amerudi kunitafuta na sufuria ya kupikia na kijiko. Akanikuta ninalia. Sioni aibu kulisema.

"Pole, mwanangu. Umeumia?"

"Vidole tu, mzee."

Akanivua buti, akatoa kwenye mzigo wake kandambili na vipande vya gunia, akanifunga miguu. Akanimiminia chai. Kisha akaniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia ni pale Tana inapomalizikia baharini. Akaweka kikombe chini. Akanyosha kidole kwenye kile kijito: "Hiyo ni Nithi inaanza. Nithi inaingia Tana. Unataka kuniambia haya maji yanafika kwenu?"

Nikamwambia yanafika, yakipita Garissa, Hola na Garsen, ila siku hizi yanafika yamechoka. Nikamweleza habari ya chumvi. Hajawahi kuiona bahari, akataka nimweleze tena namna maji yanavyoweza kurudi nyuma. Nikamchorea juu ya mwamba kwa kidole kilicholowa chai.

Njiani akanipitisha mahali pa majani mazito, tope jeusi, akasimama akakandamiza kisigino. Maji yakatoka pembeni ya kiatu, safi, baridi. "Hii imeshiba mvua ya mwezi wa kumi na moja," akasema. "Inatoa kidogokidogo." Akanionyesha lobelia iliyojaa maji katikati ya majani yake kama bakuli, juu imetanda ngozi nyembamba ya barafu iliyosalia tangu usiku, chini yake kichipukizi kizima hakijaungua. Nikaanza kumwelewa kiongozi niliyemdharau kule juu. Barafu ilishamaliza kazi yake zamani, ilichimba bakuli. Kinachojaza ni mvua, na kinachozuia maji yasikimbie yote kwa siku moja ni vinamasi hivi na msitu ulio chini yake. Mjomba na baraza lake wamekuwa wakilia msiba wa maiti aliyezikwa kabla ya mababu zao.

Nikamuuliza mzee, je, mto umepungua hata huku? Akakaa kimya kidogo. "Umepungua. Zamani kuvuka Nithi kiangazi ulikuwa unashikana mikono." Tukatembea. Halafu akasema bila mimi kumuuliza: "Na mimi nina paipu. Inchi moja na nusu. Nina majani chai kidogo na ng'ombe wawili. Jirani ana paipu, na jirani yake ana paipu." Hakulisema kwa kujitetea. Alinitazama usoni, kama anayengoja nimjibu, nami sikuwa na jibu, maana mguu wangu ulikuwa umefungwa kwa gunia lake na chai yake ilikuwa bado inanipa joto tumboni.

Usiku ule tulilala kwenye vibanda karibu na lango. Nyati walikula majani dirishani usiku kucha. Asubuhi Land Rover ya kututeremsha Chogoria ilitutoza 3,000 kila kichwa, barabara mbovu hata meno yanagongana, na dereva akasimamisha gari mara mbili kupakia watu wake kwa pesa zetu. Nilikuwa na chupa ya maji ya Nithi niliyoyateka kwenye maporomoko. Niliishika mapajani njia nzima isimwagike.

Mzee aliagana nami stendi. Alinipa namba yake, akasema siku moja atakuja kuyaona hayo maji yanayorudi nyuma. Nikamwambia aje mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ndipo bamvua huwa kubwa, na nauli ya kutoka Garsen nitailipa mimi.

Kwenye matatu ya kwenda Embu tulipita daraja la Nithi. Nilichungulia. Mto ule wa kijani uliotoka ziwani ulikuwa tayari umepata rangi ya udongo. Nikampigia mjomba. Swali lake la kwanza: umeiona barafu? Nikamwambia nimeiona, habari yake ndefu, nitamweleza nikifika. Akasema sawa, njoo, ila ujue chumvi imefika mfereji wa pili tangu juzi, na bamvua nyingine ni Ijumaa.