Kindle ya safarini, karatasi ya nyumbani: nilivyogawa usomaji wangu

Muda wangu mwingi wa kusoma uko barabarani. Asubuhi, hapa Dar es Salaam, natoka Kimara kwenda Kivukoni kwa basi la mwendokasi, mara nyingi nikiwa nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba na mwingine kwenye kitabu. Hapo kifaa cha kusomea hakina mpinzani. Changu ni Kindle ya inchi 6, uzito wake gramu 200 hivi, na ukurasa naugeuza kwa kidole gumba. Riwaya nene ya karatasi inadai mikono yote miwili, na basi likifunga breki pale Ubungo huna pa kujishikia.

Watu huniuliza kwa nini nisisomee tu kwenye simu. Tofauti iko kwenye kioo. Tangu Kindle ya kwanza, mwaka 2007, vifaa hivi vinatumia wino wa kielektroniki: mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe, umeme unazipandisha na kuzishusha mpaka herufi zitokeze. Zikishatulia hazili umeme tena hadi ugeuze ukurasa. Na kwa kuwa kioo hicho kinaakisi mwanga kama karatasi, kituoni, kwenye jua la saa nane, nasoma bila kukunja uso. Na wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, simu ilikuwa inazima kabla sijala chakula cha usiku, lakini Kindle iliendelea kwa wiki kadhaa bila kuguswa chaja. Kwa vitabu vya Kiingereza kuna faida nyingine kubwa: nagusa neno gumu, maana inatokea papo hapo.

Pamoja na hayo sikuachana na karatasi, na sababu ya kwanza ni Kiswahili chenyewe. Vitabu vingi ninavyovitaka sivipati kwenye duka la Kindle. Navipata duka la vitabu la TPH (Tanzania Publishing House) pale mtaa wa Samora, au kwa wauza vitabu wa kando ya barabara. PDF za kutumiwa na marafiki nilizijaribu, lakini kwenye kioo cha inchi 6 herufi zinakuwa kama sisimizi. Ukizikuza, inabidi usogeze ukurasa kushoto na kulia kila mstari.

Ushairi ndio unaoumia zaidi. Mshororo wa mizani 16 haukai kwenye kioo hicho kwa herufi za kusomeka. Kifaa kinaukata popote kinapotaka, kipande kinashuka chini, ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, vinachanganyika, na kina cha kati hukioni tena kikisimama wima beti nzima. Mtu aliyekaa akapanga vina vile anastahili visomwe kama alivyovipanga. Diwani ya mashairi nanunua ya karatasi tu, hata ikiwa na bei ya juu.

Sababu ya pili ni kuazimana. Kitabu cha Kindle unachonunua Amazon, kampuni yenye kifaa hicho, kwa kweli ni ruhusa tu ya kukisoma. Mwaka 2009 kampuni hiyo ilifuta riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuzilipia, ikawarudishia fedha zao na baadaye ikaomba radhi. Februari 2025 ikaondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Kitabu cha karatasi namwazima shangazi, shangazi anampa jirani, na hakuna wa kuombwa ruhusa.

Kwa hiyo kabla ya kununua najiuliza: hiki nitakisoma peke yangu, au kitapita mikononi mwa wengine? Cha peke yangu kinaenda kwenye Kindle. Cha nyumba nzima nanunua cha karatasi, nakiweka kwenye rafu iliyo mbali na ukuta wa nje, maana unyevu wa Dar unaleta ukungu haraka. Mwanangu wa darasa la sita bado simpi kifaa. Anasoma vya karatasi, akimaliza anabadilishana na watoto wa jirani, na mshahara ukitoka vitabu vyake ndivyo vinavyotangulia.