Si kila kadi ni kadi: nilivyopata chipu sahihi kwa kantini ya shule

Muuzaji wa Kariakoo aliniambia, "Dada, kadi ni kadi. Zote hizi za kugusisha, chagua tu rangi." Nikachukua 300 nyeupe. Ushauri huo bado nausikia ukitolewa kwa watu wengine, na kila nikiusikia roho inaniuma, maana najua unakompeleka mtu.

Mimi ni mhasibu wa shule ya sekondari ya bweni mkoani Morogoro. Kantini yetu ilikuwa ikiuza kwa vitiketi vya karatasi, na vitiketi vilikuwa vikitolewa fotokopi. Kila mwisho wa mwezi maandazi yaliyoliwa yalizidi fedha iliyoingia. Mkuu wa shule akanikabidhi kazi ya kuleta kadi, pamoja na bajeti ambayo haikuwa na nafasi ya kukosea.

Kisoma kadi nilikiagiza duka jingine, kile cha kuchomeka kwenye kompyuta kwa USB. Kilipofika nikaweka kadi juu yake. Kimya. Nikabadilisha waya, nikahamia kompyuta ya pili, nikaazima ya maabara. Siku nne. Fundi akaja, akakitazama, akasema kibovu, nikirudishe. Nikakifunga kwenye boksi lake tayari kwa basi la asubuhi.

Usiku umeme ukakatika. Nikawasha tochi ya simu nitafute mshumaa, na mkono mwingine ulikuwa umeshika kadi mbele ya mwanga. Ndani ya plastiki nikaona kivuli cha duara: waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Nikakumbuka kwamba boksini mlikuwa na kadi moja ya sampuli ambayo sikuwahi hata kuigusa. Nikaifungua na kuimulika. Yake haikuwa duara. Ilikuwa mistari michache yenye pembe nne, inafuata kingo za kadi. Mshumaa nikausahau. Nilimulika kadi kumi, ishirini, hamsini kutoka kwenye mzigo wangu, zote duara. Umeme uliporudi nikaweka ile sampuli, kisoma kadi kikalia "pii" na namba ikajiandika kwenye skrini. Nilipiga makofi peke yangu ofisini.

Kadi zangu zilikuwa za mawimbi ya redio ya kilohezi 125, chipu ya aina ya EM4100. Kisoma kadi kilikuwa cha megahezi 13.56. Hata ungeziweka mwaka mzima zisingesikilizana, kama vile huwezi kupata kituo cha FM kwenye redio ya AM. Kwa hiyo anza na kisoma kadi: uliza kinatumia mawimbi ya masafa gani, 125 au 13.56, ndipo ununue kadi. Tochi hufanya kazi vizuri kwenye kadi nyeupe isiyochapishwa. Mwenye simu ya NFC, yaani inayoweza kusoma kadi za kugusisha, ana njia fupi zaidi, kwa sababu NFC hutumia 13.56, kadi ya 125 simu haiioni kabisa. Na ukiambiwa EM4100 ni salama kwa kuwa haiandikiki, usikubali. Namba yake hunakiliwa kwa sekunde chache kwenye kadi tupu inayoandikika, ya aina ya T5577.

Safari ya pili nikaleta kadi za 13.56, aina ya Mifare Classic 1K, kwa bei isiyopishana sana na zile za kwanza. Ina vyumba 16 vya kumbukumbu, kila chumba na funguo mbili, yaani namba za siri za kukifungulia. Kijana aliyetuandikia programu akaweka salio la mwanafunzi ndani ya kadi yenyewe. Tulikuwa tumebakiza wiki moja tuanze.

Jumapili akaja mtoto wa dada yangu, anasoma chuo. "Shikamoo mama mdogo." Marahaba, nikamwonyesha kazi yangu. Akaomba kadi yenye salio la shilingi 5,000, akaigusisha na simu yake, akanirudishia. "Nunua kitu." Nikakata 3,000, zikabaki 2,000. Akaigusisha tena. Nikasoma: 5,000. Alikuwa amehifadhi nakala ya kumbukumbu nzima kwenye simu, kisha akairudisha kama ilivyokuwa. Funguo zilikuwa bado zile za kiwandani, herufi F kumi na mbili mfululizo, ambazo kila mtu anazijua. Nikamwambia tutazibadilisha. Akatikisa kichwa. "Mama mdogo, hata ukizibadilisha, hii ilishavunjwa 2008." Ni kweli: watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, waliuvunja usimbaji wake, yaani fumbo linalolinda data yake. Kampuni ya NXP, inayotengeneza chipu hiyo, ikaenda mahakamani kuzuia makala yao isitoke, ikashindwa.

Nikampigia mtaalamu mmoja, akaniamuru ninunue kadi za aina ya DESFire kwa wanafunzi wote. Chipu hiyo ni imara kweli, inatumia AES, usimbaji wenye nguvu, ila bei ya moja ingenunua kadi kadhaa za kawaida. Hakuniuliza hata mara moja kadi itabeba nini. Hilo ndilo swali lililoniokoa. Kompyuta ya kantini ina waya hadi ofisini kwangu, sasa fedha ya nini kukaa kwenye kadi? Tukahamishia salio kwenye kompyuta, kadi ikabaki na namba yake tu. Namba nayo inaweza kunakiliwa, kwa sababu zipo kadi za kubadilisha namba, ndiyo maana kadi ikigusishwa picha ya mwanafunzi hutokea kwenye skrini. Mama wa kantini anawajua watoto wote kwa sura. Kadi zile zile za Classic zikatutosha.

DESFire nilinunua, lakini chache: za mlango wa stoo ya mitihani, ambako mtu akipata nakala ya kadi hasara yake haihesabiki kwa maandazi. Kwa mlango ule sikubishania bei.

Muhula wa kwanza hesabu ya kantini ilifunga bila pengo, na mkuu wa shule aliipitia mara mbili. Zile 300 za duara sikuzitupa. Nilipata kisoma kadi cha 125 kwa bei ya chini, na sasa kila kitabu cha kiada kina kadi yake mfukoni mwa jalada la nyuma. Hakuna mtoto aliyewahi kughushi kadi ya kitabu cha Fizikia.