Siku nilipomwambia Mama Sekretere aharibu tovuti

Kwa miaka miwili, mtu pekee aliyegusa tovuti ya shule moja ya Kampemba, hapa Lubumbashi, alikuwa mimi. Minervali, yaani ada ya shule, ikipanda, napigiwa simu. Kikao cha wazazi kikisogezwa, napigiwa simu. Siku moja nilipigiwa nikiwa kwenye kilio kule Katuba, eti jina la mwalimu mmoja limeruka herufi. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kiti cha plastiki, nikasahihisha kwa simu huku mega za intaneti zikiniishia. Nikajiambia: hawa watu wa ofisi lazima wajiandikie wenyewe.

Tovuti yenyewe iko kwenye WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti, kwa hiyo nilidhani kazi ni ndogo. Niwape nywila, niwaonyeshe pa kubofya, basi. Na kwa uvivu wangu nikawapa watu watatu nywila moja: ile yangu, ya msimamizi. Haikupita wiki, nikaamka asubuhi nikakuta tovuti imebadilika sura kabisa. Menyu imehamia pembeni, nembo ya shule haipo, rangi kama za duka la viatu. Mtu alikuwa amebadilisha kiolezo, yaani muundo unaoipa tovuti sura yake. Nani? Wote watatu walikuwa wanaingia kwa jina langu, na wote watatu waliapa. Kwa kumbukumbu za mashine, mkosaji nilikuwa mimi.

Nilipotulia nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. WordPress ina ngazi zake za watumiaji, na kwa sisi tunaoitumia kwa Kifaransa zinazohusika hapa ni tatu. «Contributeur» anaandika lakini hawezi kuchapisha wala kupakia picha. «Auteur» anachapisha vyake tu. «Éditeur» anagusa maandishi yote, hata ya wenzake, ila hawezi kubadilisha kiolezo wala kuweka programu-jalizi, vile vipande vya kuongezea tovuti uwezo. Kila mtu nikamfungulia jina lake. Mhasibu nikampa ya kwanza, mwalimu wa michezo ya pili, Mama Sekretere ya tatu.

Hapo Papa Prefe akakasirika. Yeye ndiye mkubwa wa shule, sekretere wake atampitaje? Alitaka usimamizi wote. Sikubishana naye. Nilimuuliza tu: ufunguo wa depo ya chaki na madaftari anautunza nani? Akasema, mlinzi wa depo. Je, mlinzi anakupita kwa cheo? Akacheka kidogo, akakubali kuwa «Éditeur» kama Mama. Hadi leo hajaingia hata mara moja, lakini jina lake limo, na amani ipo.

Basi nikawafundisha saa mbili nzima, nikawaachia maelezo ya kurasa kumi na moja ambayo nayaonea aibu sasa. Mwezi ukapita. Simu hazikupungua hata moja. Nikamwendea Mama Sekretere, nikamuuliza kwa heshima shida iko wapi, maana kwenye daftari lake aliandika kila kitu, tena kwa mwandiko mzuri kuliko maelezo yangu. Akanijibu taratibu:

«Mwanangu, kama naharibu ile kitu, ni wewe utanitetea kwa Papa Prefe?»

Kumbe mama alijua kazi. Alichoogopa ni lawama. Nikamwambia: «Mama, leo tunaiharibu pamoja.» Tukafungua ukurasa wa anwani ya shule, nikamwomba afute kila kitu kisha achapishe. Alikataa. Alitazama mlango mara mbili. Mwishowe akafuta, kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria ya moto. Tukautazama ukurasa kwenye simu yake: mtupu. Ndipo nikamwonyesha «Révisions», pale WordPress inapotunza kila toleo lililohifadhiwa, na jina la aliyeandika na saa. Akarudisha mshale nyuma, akabofya kurejesha, anwani ikarudi yote. Akacheka hadi mhasibu akaja kuuliza kuna nini. Akaharibu na kurudisha mara tatu zaidi, bila kuombwa.

Wiki ile ile simu zilianza kupungua. Hazikuisha, kwa sababu makosa mengine yalikuwa yangu, ya jinsi nilivyopanga vitu.

Kwanza, makala na kurasa. WordPress ilianza mwaka 2003 kama programu ya blogu, ndiyo maana hadi leo inatenganisha maandishi yenye tarehe na yale ya kudumu. Mama aliweka tangazo la likizo kama ukurasa, halikuonekana kwenye habari, akadhani mtandao umelimeza. Maelezo yaliyomwingia ni haya: makala ni karatasi unayobandika ubaoni getini, kesho utaweka nyingine juu yake, ukurasa ni maandishi yaliyopakwa rangi ukutani. Hajakosea tena.

Pili, jedwali la minervali. Hili lilinisumbua kweli. Ukiligusa vibaya safu moja inakimbia, na mzazi anasoma bei ya darasa la kwanza kwenye mstari wa la sita. Mtu hawezi kufundishwa kutokosea jedwali la namna hiyo. Kosa ni kumpa. Kwa programu-jalizi ya Advanced Custom Fields nikamtengenezea visanduku vitatu kwa kila darasa: jina la darasa, kiasi, tarehe ya mwisho. Kisanduku cha kiasi hakipokei herufi. Jedwali linajipanga lenyewe nyuma ya pazia.

Picha za simu zilikuwa nzito, na kupakia moja kulikula mega za ofisi. Dawa aliigundua mwalimu wa michezo, si mimi: anaituma kwanza WhatsApp, inapungua uzito, ndipo anaipakia. Na maandishi ya kunakili kutoka Word sasa yanabandikwa kwa Ctrl+Shift+V, bila mapambo yake. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, rasimu nyingi hupona, kwa kuwa kihariri hujihifadhi chenyewe kila sekunde 60 hivi.

Mwezi uliopita nilipita kwenye tovuti, nikaona tangazo la Mama limekosa alama juu ya herufi moja ya Kifaransa. Nikaiweka, nikafunga. Haikupita saa, simu ikalia.

«Mwanangu, nimeona jina lako kwa tangazo langu. Nani amekuruhusu?»